Kinachocheza Ndani ya Spika

Majengo, Mombasa
9 Julai 1995

Kwa Mama Joy,

Natumai barua hii itawakuta wazima huko Bamba, wewe na dada yako Naomi, na kwamba vumbi la huko halijakurudishia kikohozi. Mimi sijambo. Bi Mejumaa, mwenye nyumba wetu, anakusalimu sana. Kila nikipita barazani huniuliza, "Yuwaja lini mkeo?" nami humjibu kwamba umekwenda kupumzika kwa dada yako na ukishapumzika utarudi. Siku hizi anauliza kwa macho tu.

Kazi bandarini ni ile ile, kusimama na kalamu magunia yakishuka melini. Jumamosi tulipiga harusi pale ukumbini Tononoka. Kazungu aliimba vizuri ingawa sauti ilimkwama mwanzoni, na Benard alizipiga ngoma kama mtu mwenye ugomvi nazo. Taabu ilikuwa kwangu mimi na besi.

Unajua hewa ya chumvi ya hapa inavyokula chuma. Nyuzi za gitaa langu zilikuwa zimekufa kabisa, ukizipiga zinatoa sauti ya mtu anayegonga godoro. Mpya hazipatikani mpaka mtu aagize Nairobi. Basi nikafanya ile dawa ya zamani: nikazivua, nikazikunja, nikazichemsha ndani ya sufuria na siki kidogo, nikazianika kwenye kamba ya nguo. Bi Mejumaa alinikuta jikoni akasema, "Nyuzi wazipikia, nawe hujipikii." Zilipokauka nikazirudisha, zikawa na uhai tena. Hautadumu, lakini ni uhai.

Shingo ya gitaa nayo imepinda kwa unyevunyevu wa masika. Ndani yake kuna chuma chembamba kinachokazwa kwa ufunguo. Ninakikaza kidogo kidogo kila siku, maana ukikiharakisha ubao unapasuka.

Linalonishinda ni kasha la spika. Kuna kitu kinacheza ndani. Nikipiga uzi mnene wa juu, ule wa sauti nzito kuliko zote, kinalia kama kokoto ndani ya kopo. Nimekaza skrubu zote za mbele na za kando, nimekaza mkono wa kubebea, nimeyatoa magurudumu, na ile nembo ya mbele nimeibandika kwa gundi. Bado kinalia. Nikilala sakafuni na kutega sikio karibu nalo, Benard akinipigia uzi, nasikia kipo, lakini sijui ni upande gani.

Msalimie Naomi. Jitunze, na ule.

Wako,
Chonga


Bamba
20 Julai 1995

Chonga,

Barua yako nimeipata. Sisi tu wazima.

Nakuomba usiniandikie tena "Mama Joy". Najua hukukusudia ubaya, na hata hapa watu wananiita hivyo. Lakini kuliona jina lake kwa mwandiko wako, juu kabisa ya karatasi, na chini yake kurasa mbili za nyuzi na skrubu, sikuweza. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta mstari mmoja unaomhusu. Haukuwapo. Tulimzika mwezi wa Mei, nawe unanieleza namna ya kuchemsha nyuzi kwa siki.

Sikulaumu kwa kwenda kupiga muziki. Mtu lazima awe na pa kwenda. Ila mimi usinisimulie harusi za watu.

Naomi hushinda shuleni akifundisha, mimi hushinda ndani. Watoto wa shule hupita mbele ya nyumba hii wakienda kuteka maji, kwa hiyo dirisha nalifunga. Usifunge safari kuja tena. Ulipokuja mwezi uliopita nilikusikia ukizungumza na Naomi pale nje, nikasimama nyuma ya mlango na mkono wangu juu ya komeo, nikashindwa kulivuta. Usidhani sikutaka kukuona.

Loise


Majengo, Mombasa
6 Agosti 1995

Loise,

Umesema kweli, na sina la kujitetea. Ila nataka ujue kwamba kabla ya barua ile niliandika nyingine nikaichana. Niliandika jinsi alivyokuwa akipanda juu ya kasha la spika nikifanya mazoezi jioni, visigino vikigonga kile kitambaa cha mbele, na nikiacha kupiga analalamika, "Baba, tumbo langu limenyamaza." Nilipofika hapo mkono ukagoma. Habari za nyuzi mkono haugomi. Ndiyo maana ukapata hizo.

Harusi ulizikataa, lakini hii moja niruhusu, kwa sababu imenifikisha mahali na nataka shauri lako.

Kuna kikundi cha taarabu cha Mji wa Kale ambacho mpiga besi wao amekwenda Maskati. Walimwomba Kazungu awatafutie mtu wa kuziba pengo, akanipeleka mimi. Harusi ilikuwa katika nyumba moja ya ghorofa nyuma ya soko la samaki, ngazi nyembamba, kasha tulilipandisha watu wanne. Besi ya taarabu haikimbii. Inakaa nyuma, inangoja fidla imalize kusema, ndipo inaweka mguu. Mahali penye utulivu kama huo kila kitu kinasikika, na kile kitu cha ndani ya kasha kikaanza. Wanawake waliokaa mbele wakawa wanageuka. Kiongozi wao, mtu mpole, aliniinamia akaniomba kwa adabu niuache ule uzi mnene. Nikamaliza usiku huo kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

Siku iliyofuata nikalipakia kasha kwenye mkokoteni hadi Makupa, kwa Levi, fundi wa spika, yule aliye nyuma ya maegesho ya malori. Akaligeuza, akaligonga kwa vidole, akasema kitu kiko ndani na hakuna njia ila kuubandua ubao wa nyuma, ambao umeunganishwa kwa gundi na skrubu tangu kiwandani. Akachukua kitambaa chenye maji aufute ubao ule apate kupima pa kuingiza patasi.

Nikamshika mkono. Ubao wote una michoro ya chaki. Ni ya Joy. Nyumbani kasha hukaa karibu na ukuta, limebakiza upenyo wa mtoto tu, na ukumbini nyuma yake huwa gizani, kwa hiyo sikuwahi kupatazama vizuri. Levi akaniangalia kama mwendawazimu. Nikamwambia nitarudi, nikalikokota kasha mpaka nyumbani.

Sasa liko hapa mbele yangu. Wasemaje, lifunguliwe?

Chonga


Bamba
15 Agosti 1995

Chonga,

Lifungue. Chaki haikai, hata usipoigusa itaondoka yenyewe kwa joto la chumba kile. Lakini kabla hujampa fundi, keti chini uangalie vizuri, kisha uniandikie alichora nini. Usiache kitu.

Loise


Majengo, Mombasa
27 Agosti 1995

Shemeji Naomi,

Salamu nyingi kwako na kwa walimu wenzako. Hii nimeituma kwa anwani ya shule, wala si nyumbani, na ukisoma utaona sababu. Nakusihi usimwonyeshe dada yako kabla hujaifikiria.

Labda amekueleza kuhusu kasha langu la spika lililokuwa na kitu kinacheza ndani. Jana Levi alilifungua mbele yangu. Makasha haya yametandikwa pamba nene ndani ili sauti isirudi, na nyuma yana tundu la hewa. Mkono wa mtu mzima haupiti hapo. Wa mtoto unapita.

Levi akawa anatoa kimoja kimoja na kukiweka juu ya gazeti. Vifuniko vya soda. Shanga. Mbegu za ukwaju. Pini ya nywele ya Loise, na ile hereni yake tuliyodhani imeibwa. Akatoa hata kile kipande changu cha plastiki cha kupigia nyuzi, ambacho kilipopotea nilimnunia Benard mwezi mzima. Nilicheka, Naomi. Tangu Mei sikuwa nimecheka. Levi naye akacheka, akaniambia nina mwizi nyumbani. Hakuwa akijua, nami sikumwambia.

Kisha akaingiza mkono tena, chini kabisa kwenye pamba, akatoa vidonge. Vyeupe. Vingine vilikuwa vimelainika na kugandamana na pamba, vingine bado vizima. Nilikigusa kimoja kwa ncha ya ulimi. Ni klorokwini, ile dawa ya malaria. Uchungu ule haufanani na kitu kingine.

Unakumbuka Joy alivyokuwa na dawa. Ilikuwa lazima mmoja amshike na mwingine amfungue mdomo. Lakini homa ile ya Mei ilipoanza na Loise akaja na dawa za zahanati, hakusumbua hata kidogo. Alikuwa akisema, "Nipe mwenyewe, nameza mwenyewe," akapanda juu ya kasha na kikombe chake. Maji aliyanywa yote. Tulimsifu. Nilikuwapo pale nikikunja waya zangu, nikasema mtoto wetu sasa amekuwa mkubwa.

Hakumeza. Alikuwa akiviteremsha ndani ya tundu.

Halafu ni vingi, Naomi, zaidi ya vile alivyoandikiwa. Sielewi vingine vilitoka wapi. Labda ni vya homa ya mwaka jana.

Nimevitia ndani ya kiberiti kitupu, nimekiweka juu ya kabati, na sijui la kufanya. Aliyekuwa akimpa dawa ni Loise. Nikimwambia, atajiuliza maisha yake yote kwa nini hakumfungua mdomo akatazama. Nisipomwambia, nitakaa na jambo hili ndani ya chumba kimoja naye, kama Mungu atajalia arudi. Wewe unaishi naye na unamwona kila siku. Nishauri.

Shemeji yako,
Chonga


Bamba
4 Septemba 1995

Shemeji Chonga,

Barua yako niliisoma darasani watoto wakiandika imla, ikabidi nitoke nje.

Usimwambie. Nimelitazama jambo hili pande zote na jibu langu ni hilo. Dada hali chakula mpaka nikae mbele yake. Nguo alizokuja nazo zinamwelea mwilini. Mchana hukaa ndani na dirisha limefungwa, na mtoto wa jirani akilia, huziba masikio. Habari kama hiyo itamwangusha. Joy amekwenda, na kujua alificha nini hakumrudishi.

Mpe vile vingine, pini na hereni na shanga. Hivyo vitamfaa. Vidonge kavitupe baharini, usirudi kuviwaza.

Ananiuliza kila gari la Mombasa likija kama kuna barua yako. Haniambii kwa nini. Basi mwandikie.

Naomi


Majengo, Mombasa
10 Septemba 1995

Loise,

Nilifanya ulivyoniagiza. Kabla ya kwenda kwa Levi nililivuta kasha hadi mlangoni penye mwanga nikaketi mbele yake.

Kuna mtu mwenye kichwa kikubwa na mkono mmoja mrefu sana unaofika mpaka ukingoni mwa ubao. Nadhani ni mimi na gitaa. Kando yake kuna mtu mwenye sketi na kitu cha mviringo mkononi, nimekichukulia kuwa sufuria, kwa hiyo ni wewe. Umechekeshwa, umepewa meno mengi. Chini kuna kitu chenye miguu minne ambacho sikukitambua. Nilimwita Bi Mejumaa akasema bila kusita kwamba ni paka wake. Pembeni kuna herufi J ameiandika kinyume, halafu ameifuta kwa kiganja na kuiandika tena, kinyume vilevile. Alama ya kiganja inaonekana.

Levi aliufungua ubao bila kuufuta. Ndani tumekuta hazina yake. Alikuwa akitumbukiza vitu kwa lile tundu la nyuma. Nimekupa vyote ndani ya mfuko huu, dereva wa basi la Bamba ameniahidi atamkabidhi Naomi mkononi: shanga, vifuniko, mbegu za ukwaju, pini yako na hereni yako. Kipande changu cha kupigia nyuzi nimebaki nacho.

Chonga


Bamba
24 Septemba 1995

Chonga,

Mfuko umefika. Nilivimwaga vitu kitandani nikavitazama mpaka Naomi aliporudi shuleni. Zile mbegu ni za ukwaju niliopikia uji siku ya Pasaka. Niliziacha kwenye sahani dirishani, na nilipozikosa nikadhani kuku.

Hereni nimeitia sikioni. Nyingine niliitupa zamani, kwa hivyo ninavaa moja. Naomi anasema naonekana kama mpiga ramli.

Niliisoma habari ya michoro mara nyingi. Ahsante kwa kuniandikia lile la kiganja.

Usiku wa jana nilitaka kukuandikia jambo, nikashindwa kulianza. Sipati usingizi. Wewe unaniandikia kwa upole na mimi kila nikisoma najiambia, angalijua asingalikuwa mpole hivi. Usinijali, ni maneno ya mtu asiyelala.

Ninakuomba kitu kimoja. Kama ndani ya kasha kulikuwa na kitu kingine chochote, hata kipande cha karatasi, usikitupe wala usibaki nacho. Nipe. Vilikuwa ni hivyo tu?

Loise


Majengo, Mombasa
1 Oktoba 1995

Loise,

Vilikuwa ni hivyo tu.

Levi amelifunga kasha, na ubao ameurudisha kwa skrubu peke yake, bila gundi. Jumamosi tulipiga Tononoka. Uzi mnene ulitoka safi, kama siku niliyolinunua. Kazungu aligeuka akanitikisia kichwa kwa furaha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilalamika kuliko wote. Tulipofika wimbo wa pili nikamwambia Benard tumbo linaniuma, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje mpaka walipomaliza.

Miezi yote ile nilikuwa nakaza skrubu ili nimnyamazishe.

Hilo jambo ulilotaka kuniandikia, liandike. Hakuna neno lako litakaloniondolea upole.

Chonga


Bamba
15 Oktoba 1995

Shemeji Chonga,

Nilikushauri vibaya. Soma haya ukiwa umekaa.

Tangu Ijumaa dada ana homa. Jana ilipanda, nikamletea vidonge na maji. Akausukuma mkono wangu. Nilipomsihi akajikunja ukutani. Nikamshika, nikamuuliza ni nini. Akasema, "Nilimuua mimi, Naomi. Nilimzidishia."

Yalitoka yote. Jumamosi ile, siku ya tatu, aliona homa ya mtoto haishuki. Akadhani dawa ya zahanati ni dhaifu, maana Joy alikuwa akinywa vizuri na hapati nafuu. Akaenda dukani akanunua nyingine ile ile, akampa juu ya zile alizoandikiwa. Asubuhi akampa, alasiri akampa tena. Magharibi mtoto akaanza kukakamaa. Hospitalini daktari alimuuliza amempa dawa kiasi gani, akajibu kama alivyoandikiwa. Wewe ulikuwa umesimama pale ubavuni mwake. Asubuhi Joy akafariki.

Hilo ndilo analobeba tangu Mei. Hilo ndilo lililomtoa kwako. Anasema hawezi kula meza moja na mtu ambaye yeye mwenyewe amemuulia mtoto.

Sasa umeelewa kwa nini vidonge vilikuwa vingi. Nilikuwa nimekaa kitandani nimemkumbatia, najua, na mdomo nimeufunga. Nilikaribia kusema. Lakini niliona ni lazima alitamke baba yake mtoto, na dada avione kwa macho yake, ama sivyo atadhani ni hadithi nimeitunga kumtuliza.

Mwandikie. Mpe dereva wa basi, nitakuwa barabarani kumpokea. Na kama hukunisikiliza kuhusu bahari, niletee hicho kiberiti.

Naomi

Homa imeshuka leo. Dawa alimeza mwishowe, nikamtazama mpaka ikapita.


Majengo, Mombasa
18 Oktoba 1995

Loise wangu,

Naomi yuko karibu nawe unaposoma hii, nimemwomba asiondoke. Usimkasirikie. Ameniambia.

Kwanza nisikilize hili peke yake, halafu mengine. Hukumzidishia dawa. Hakumeza hata kimoja.

Uliniuliza kama ndani ya kasha kulikuwa na kitu kingine, nikakwambia hapana. Nilikudanganya. Ndani ya kiberiti hiki kuna vitu Levi alivyovitoa chini ya pamba. Kifungue. Vile vilivyokwisha kulainika ni vya kwanza, nadhani alivitia mdomoni kwanza, uchungu ukamshinda, akavitema mkononi. Vile vizima lazima ni vya Jumamosi, ambavyo hakujisumbua hata kuvionja. Vyote vipo. Vya zahanati vipo na vyako vya dukani vipo. Nilishangaa kwa nini ni vingi, na kumbe jibu lilikuwa kwako.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utajiuliza kwa nini hukumwangalia mdomoni. Nilidhani nakuepushia mzigo, nawe ulikuwa na mwingine mzito kuliko huo, ambao sio wako. Laiti ningekuletea siku ile ile nilipovipata, usingelala macho usiku wote wa Septemba.

Naogopa bado. Nakuondolea lile moja nakupa hili jingine, kwamba dawa ilikuwapo nyumbani na mtoto hakuipata. Sijui lipi linauma zaidi. Lakini hili halina mtu mmoja. Siku ya pili ya homa nilipita mbele yake nimebeba waya mabegani, naye yuko juu ya kasha na kikombe. Akanitabasamia na midomo ameifumba. Joy, ambaye alikuwa akicheka mpaka koo linaonekana. Nikamshika kichwa nikapita. Nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, Loise, nami sikumwambia afungue mdomo. Tulikuwa wawili chumbani, wote tunampenda, wote tulidhani amekua.

Homa ndiyo iliyomchukua. Homa ya masika, kama inavyochukua watoto wengine hapa Majengo kila mwaka. Haikuwa mkono wako.

Kuhusu yule daktari na ulichomjibu, nilikusikia siku ile na sikushuku kitu. Ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo.

Sikuulizi unarudi lini. Nilitaka tu ulijue hili kabla ya usiku mwingine kuingia.

Chonga


Bamba
29 Oktoba 1995

Mume wangu Chonga,

Nimechelewa kukujibu. Siku kadhaa sikuweza kushika kalamu, na nilipoweza kuishika sikujua niandike nini kwanza.

Nilikifungua kiberiti Naomi akiwa ameketi mlangoni. Vile vya dukani nilivitambua, vina mstari katikati, vile vya zahanati havina. Nilivipanga juu ya shuka, upande huu na upande huu. Nilivihesabu, nikavihesabu tena. Kisha nililala. Naomi anasema nililala mpaka kesho yake adhuhuri na alikuwa akija kuweka mkono puani mwangu kuona kama napumua.

Nilipoamka nilidhani nitakuwa mwepesi. Sikuwa. Ulilolisema ni kweli, hili nalo linauma, na naona litakaa. Najiona nimesimama jikoni nikigeuza mwiko, nikimuuliza, "Umemeza?" naye akijibu, "Nimemeza, mama." Sauti yake yote ninayo. Lakini naweza kulisema kwa mdomo, na lile la kwanza sikuweza. Nimelisema kwa Naomi. Jana nililisema kwa mke wa mchungaji aliyekuja kunitazama. Nataka kulisema nawe.

Njoo Jumamosi. Kama mna harusi, mwombe Kazungu atafute mtu mwingine wa besi, siku hiyo tu. Nitakungoja kituoni basi linaposimama. Sitaahidi kwamba tutarudi pamoja. Kile chumba, na lile kasha limekaa pale pale ukutani, sijui kama naweza. Tutazungumza. Ukiona nimenyamaza usinijazie maneno, na mimi nikiona wewe umeanza habari za skrubu nitajua ni nini, sitakukatiza.

Kuna jambo lilitokea juzi, sijamweleza mtu. Nilikuwa nikifagia, dirisha liko wazi, na nikaviona vile vidonge juu ya rafu. Ghafla nikashikwa na hasira, Chonga. Si hasira ya msiba. Hasira ya kawaida, ile ya mama ambaye mtoto amemfanyia ujanja. Nilisimama katikati ya chumba na ufagio mkononi nikamgombeza. Kwa sauti, kwa jina lake, ambalo tangu Mei sikuwa nimelitamka. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kudanganya. Nilimwambia aje hapa, asimame hapa mbele yangu anitazame nikisema naye. Nikamwambia, "Joy, dawa ni ya kumeza."

Halafu nikanyamaza, kama nilivyokuwa nikinyamaza siku zote baada ya kumgombeza, nikampa nafasi aseme amekosa.

Loise